Mheshimiwa Waziri, Luvungi Nayo Inaomba Tawi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu ya Juu na Vyuo Vikuu, Kinshasa.

Mheshimiwa,

Sisi wazazi wa Luvungi, katika Bonde la Ruzizi, tunakuomba jambo dogo: utupatie chuo kikuu. Usishtuke. Hatuombi majengo wala pesa. Tumepitia historia ya vyuo vikuu vya serikali katika nchi hii, tukaona kwamba vitu hivyo havijawahi kuwa sharti.

Chuo Kikuu cha Lovanium kilianzishwa na Wakatoliki mwaka 1954, kwenye kilima nje ya Léopoldville (Kinshasa ya leo), na mwaka 1959 kikawekewa kinu cha nyuklia, cha kwanza barani Afrika. (Mwaka uliofuata tukapata uhuru bila hakimu hata mmoja Mkongomani. Atomu ilitangulia.) Wakoloni walikuwa na chuo chao Élisabethville (Lubumbashi) tangu 1956, na Waprotestanti wakafungua cha kwao Stanleyville (Kisangani) mwaka 1963. Ndipo Rais Mobutu, mwaka 1971, akafanya kazi kubwa: bila kupanga tofali, akavichukua vyote vitatu, akavifanya chuo kikuu kimoja cha taifa na kuvipa jina moja, UNAZA. Mwenye kutaka udaktari aende Kinshasa, fasihi Lubumbashi, saikolojia Kisangani. Kijana wa Luvungi alihitaji tiketi ya ndege kabla ya kalamu.

Waliolalamika kabla ya hapo hawakusahauliwa. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi walipigwa risasi barabarani Kinshasa. Miaka miwili baadaye wenzao wa Lovanium walipothubutu kuwakumbuka marehemu, waliingizwa jeshini kwa lazima: sare, chakula na malazi, vyote bure. Ufadhili wa haraka namna hiyo hatujauona tena. Mwaka 1981 UNAZA ikavunjwa, vitatu vikarudi kuwa vitatu, na mafundi wa vibao na mihuri wakapata kazi mara ya pili.

Sasa tuje kwetu. Bukavu, mji mkuu wa jimbo letu, ilipata chuo kikuu cha serikali mwaka 1993, kama tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani, mji ulio ng'ambo ya msitu mzima. Na 1993, Mheshimiwa, ndio mwaka ambao wanajeshi waliolipwa kwa noti mpya ya zaire milioni tano, iliyokataliwa sokoni, waliasi. Serikali iliyoshindwa kutoa noti ya kununulia chumvi ikazaa chuo kikuu! Mwaka 2004 tawi likajitegemea, likawa Université Officielle de Bukavu, UOB, kule Karhale. Ni mwaka uleule ambao makamanda waasi Nkunda na Mutebutsi waliuteka mji huo mwezi Juni. Vita vya 1996 na vya 1998 vilishapita juu ya tawi hilo, na bado halikufa. Hapa kejeli tunaiweka kando kidogo: chuo hicho kimetutolea walimu na madaktari, na tunakiheshimu.

Kilichokishikilia ni minervali, yaani ada ya masomo. Mama anauza mbuzi sokoni Luvungi, anabadilisha faranga kuwa dola, anaigeuza kila noti kwenye jua. Noti yenye mpasuko mdogo kama ukucha itarudishwa, naye atarudi nayo kwa mbadilishaji, wabishane upya. Mtoto anapanda lori na gunia la unga wa muhogo. Akishalipa benki, bordero, yaani stakabadhi ya malipo, anaifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kuilalia, maana bila karatasi hiyo mtihani haumhusu.

Kwa hiyo tuko tayari. Kibao tumeshamwagiza fundi, ila nafasi ya jina tumeiacha wazi, kwa kuwa mtalibadilisha. Muhuri unachongwa. Maprofesa watakuwa wa kupita: washuke Ijumaa, wamalize somo la saa 45 katika juma moja, wapande. Sisi wazazi tulizoea kulipa prime ya walimu, yaani nyongeza ya mshahara wao, tangu shule ya msingi, hadi ilipofanywa bure mwaka 2019; hapo hutatufundisha kitu.

Tukubali tuwe tawi la UOB, yaani tawi la lililokuwa tawi.

Arrêté, yaani amri yako ya kutuanzisha, ikishatiwa saini, mwambie mjumbe wako akitoka Bukavu asijaribu mteremko wa Ngomo wakati wa mvua. Avuke Rwanda, ashuke hadi Bugarama kwa lami yao, arudi Kongo kwa Kamanyola. Asisahau hati ya kuvukia mpaka; bila hiyo, amri ya serikali yetu itakwama mpakani.

Wazazi wa Luvungi