Kwa Shangazi Najua: Kioo Kimevunjika, Ndoa Bado

"Shikamoo Shangazi. Mwanangu amepiga mpira ukapasua kioo cha dirisha la sebuleni. Dirisha lenyewe ni la chuma, la zamani, kioo kimeshikwa na puti. Mume wangu anasema hatuiti fundi, ataweka yeye. Nifanyeje?" Mama Straika, Ngamiani, Tanga.

Marahaba, mwanangu, umefika penyewe. Washauri wa mapenzi nchi hii wamejaa tele, lakini mshauri wa mapenzi aliyewahi kuolewa na fundi vioo ni mmoja, naye ndiye huyu anayekujibu. Marehemu alikuwa mume wangu wa pili. Wa kwanza alikuwa baharia. Wa tatu simzungumzii, shauri letu bado liko mahakamani.

Huyu wa pili alikuja kuniposa na almasi. Narudia kwa faida ya mashoga zangu wanaosoma safu hii kwa kujificha: almasi. Punje ndogo, imepachikwa kwenye ncha ya mpini wa shaba, naye akaapa mbele ya wazee kwamba imetoka Mwadui, kule Shinyanga, kwenye mgodi wa yule Mkanada John Williamson aliyegundua almasi mwaka 1940. Wenzangu walivishwa pete wakaringa wiki mbili. Mimi, Tanga nzima, ndiye niliyekuwa na almasi yenye mpini, na ilituletea chakula.

Nimeanza na almasi kwa sababu hapo ndipo mumeo atakapochemka. Wanaume hudhani chombo kile kinakata kioo. Hakikati. Hata hivi vya siku hizi vyenye kigurudumu kidogo cha chuma kigumu havikati. Vinakwaruza tu, na kioo kinapasuka kwa kufuata mkwaruzo ukikikunja. Marehemu alikuwa akichovya ncha kwenye mafuta ya taa, anaegesha rula, anavuta mkono mara moja kutoka ukingo hadi ukingo bila kusita. Mlio wake ni mwembamba, unapita kwenye meno. Kisha anausogeza mstari hadi kwenye ukingo wa meza, anabonyeza, tak, vipande viwili. Ukiurudia mstari uleule umeiua ncha, na kioo kitapasukia kinakotaka. Mimi nikauchukua mtindo huo nikautia kwenye ndoa: nagomba mara moja, mstari mmoja, bila kurudia, halafu nabonyeza. Baharia angewahi kukutana nami baada ya hapo, angeacha bahari.

Kwa hiyo mumeo asikate kitu. Aende dukani na vipimo, akatiwe huko huko.

Lakini tusimruke huyo mtoto. Usimchape. Marehemu hakuwahi kumkemea mtoto mwenye mpira. Akikuta watoto wanacheza mpira wa matambara, aliwanunulia wa dukani, akawaonyesha na upande wa kupigia, ule wenye nyumba za watu wenye uwezo. Kuna Mfaransa anaitwa Frédéric Bastiat, mwaka 1850 aliandika kisa cha mwenye duka ambaye mwanawe alivunja kioo. Majirani wakaja kumpoza baba: kila baya lina faida yake, vioo visipovunjika mafundi vioo watakula wapi? Bastiat akawakatalia. Mnamwona fundi vioo anayelipwa, akasema, hammwoni fundi viatu aliyekosa mteja, maana hela hiyohiyo ingenunua viatu. Wachumi wanakitaja kisa hicho mpaka leo, na wanakitaja kwa heshima. Mimi namjibu Bwana Bastiat kwa kifupi: fundi viatu sikuolewa naye. Laiti angekula pilau ya Idi nyumbani kwangu, iliyotokana na kioo cha hakimu fulani wa Chumbageni, kitabu kingekuwa kingine.

Haya, dirisha. Vaeni viatu wote, hata wa kuangalia tu. Mumeo avae glavu nene. Vipande vilivyobaki kwenye fremu avibandike selotepu pana ili visimwagike, kisha avitoe kuanzia juu akishuka, kwa sababu kipande kilichoachwa juu humsubiri mtu apitishe mkono chini yake. Sakafu ifagiliwe, halafu zimeni taa, lazeni tochi sakafuni imulike kwa ubavu. Vichembe vyote vitameta. Hivyo vidogo kabisa visivyokubali ufagio vigandamizwe kwa nyama ya boflo la jana. Utaalamu huo ni wangu mwenyewe, na nikisikia mtu anasema kausoma kwingine nitamjibu toleo lijalo. Boflo hilo usiwape kuku. Vipande vikubwa vifungwe kwenye boksi na uandike juu yake, maana anayezoa taka naye ana vidole.

Usiku unaingia na tundu liko wazi? Boksi likinyeshewa linalegea na kudondoka, hivyo pigilia nailoni nzito. Juu ya nailoni tundika kanga. Usitundike kanga yoyote tu! Chagua yenye maneno, na maneno yatazame kwa jirani. Mimi yangu ya kazi hizo imeandikwa UMECHUNGULIA UMEONA NINI, na tangu niitundike jirani yangu kahamisha kiti chake cha barazani. Kuna miaka nilichelewesha kioo makusudi.

Vipimo sasa, na hapa mumeo asijifanye anajua kwa macho. Apime upana mara tatu, juu, katikati na chini. Apime urefu mara tatu vilevile. Achukue kilicho kidogo kuliko vyote, kisha apunguze milimita tatu kila upande wa hesabu, tatu za upana na tatu za urefu. Kioo kinachobana fremu kitapasuka jua likiwaka. Apime na pembe kwa pembe, kwa sababu madirisha ya zamani hupinda, nami nimeona dirisha moja Makorora lililopinda kuliko mwenye nyumba. Unene wa milimita nne unatosha dirisha la kawaida. Likiwa kubwa, tano au sita. Na kioo cha milimita nne, mita moja ya mraba, ni kilo kumi, kwa hiyo asikipakie kwenye bodaboda akiwa amekilaza mapajani. Kioo hubebwa kimesimama kwa ukingo wake. Kikilazwa kinapinda kwa uzito wake na kuvunjika, mumeo akarudi na mabaki na hasira.

Mnavyosubiri duka lifunguliwe, nikupe elimu ambayo wenzako wa vikoba hawana. Kioo ni mchanga, mawe ya chokaa na magadi. Ndiyo, magadi haya haya unayotia kwenye maharage, ndugu zake wa Ziwa Magadi kule Kenya huchomwa yakawa unga mweupe unaouzwa viwandani. Vyote vinayeyushwa kwa joto la nyuzi kama 1,500, kisha uji unamwagwa juu ya bati lililoyeyuka, unaelea, unatandaa wenyewe ukiwa bapa. Njia hiyo ilitangazwa na Mwingereza Alastair Pilkington mwaka 1959, na tangu 2023 vioo vya aina hiyo vinatengenezwa hapa hapa nchini, Mkuranga, mkoani Pwani. Nina mchanga, nina chokaa, nina magadi. Jiko langu la mkaa halijafika nyuzi hizo, ila nimeshazungumza na muuza mkaa.

Vioo vingi vya kabla ya njia hiyo vilikuwa na mawimbi. Wako watu wanaosema vimeyeyuka taratibu kwa uzee vikashuka chini. Uongo, kioo kikishapoa hakitiririki popote. Kilitoka kiwandani hivyo. Mimi nilikuwa na kimoja cha mawimbi mlangoni kwa ndani, na nilipojitazama humo usiku kiuno kilikuwa cha miaka yangu kumi na tisa. Marehemu alitaka kukibadilisha. Hakukibadilisha.

Tulikuwa wapi? Puti. Ile kuukuu ichimbuliwe kwa tindo nyembamba na nyundo, polepole, mpaka chuma kionekane. Kutu isuguliwe kwa brashi ya waya na msasa, fremu ipakwe rangi ya kuzuia kutu, ikauke kweli. Hapo ndipo mafundi wa haraka wanaporuka, halafu mwaka wa pili unawaita tena. Puti mpya, ile asili, ni unga wa chaki uliokandwa kwa mafuta ya mbegu za kitani, nayo ikandwe mkononi mpaka iwe laini kama donge la chapati. Tandika utepe wake kwenye fremu pande zote nne, weka kioo, bonyeza kwa kingo. Ukibonyeza katikati, rudi dukani. Rudisha vile vishikizo vya chuma vilivyotoka na puti kuukuu, kisha puti ya juu ipigwe kwa kisu iwe na mteremko wa kumwaga maji. Mafuta yale hayakauki kwa kupigwa upepo kama maji ya kanga. Yanashikana na hewa yenyewe na kutoa joto, kwa hiyo matambara yenye mafuta hayo yasikunjwe kwenye kona. Yatandazwe nje, au mtaunguza nyumba kwa ajili ya kioo kimoja. Rangi subiri wiki moja hadi mbili, na ikipakwa ivuke puti iguse kioo kidogo, milimita mbili, kuziba maji.

Na mumeo apewe chai kabla hajapanda kiti.

"Shangazi, kioo changu kimepasuka chenyewe saa nane mchana, hakuna aliyekigusa. Jirani anasema nimerogwa na wifi. Nimwendee mganga gani?" Mwenye Hofu, Pangani.

Mganga! Mtu ananiandikia mimi, ninayesomwa hadi Muskati, kuniuliza mganga. Ningekasirika, ila nina hamu ya kumjua wifi huyo.

Mwanangu, tazama ufa wako. Ukianzia kwenye nukta moja ukasambaa pande zote, kuna jiwe, na jiwe lina mwenyewe. Ukianzia ukingoni, ukaingia ndani ukiwa umenyooka kabla haujaanza kupinda, hilo ni jua. Katikati ya kioo inapata moto, kingo zilizofichwa ndani ya fremu zinabaki na ubaridi wake, moja inataka kutanuka na nyingine haitaki, na palipo na pengo dogo la mkato mbaya ndipo panapoachia. Umebandika ile karatasi nyeusi ya kuficha ndani? Nilijua. Inakusanya joto, kioo kinazidi kuchemka. Na Pangani kuna chumvi ya bahari. Chuma kikipata kutu kinavimba, kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, fremu inakibana kioo kimyakimya mpaka kinasalimu amri. Nimesuluhisha ndoa mbili kwa maelezo hayo hayo bila kutaja dirisha.

Ikiwa kilimwagika chote kwa mara moja kikawa punje punje zisizo na makali, basi hicho ni kioo kilichokazwa kwa moto, wauzaji wanakiita tempa. Hakikatwi tena baada ya kukazwa. Almasi ya Mwadui, kigurudumu, meno ya mamba, vyote vitakusambazia punje. Kinaagizwa kwa kipimo kamili. Kwa mlangoni na dirisha linaloshuka hadi magotini kwa watoto, kinunue hicho, au kile chenye karatasi ya plastiki katikati, ambacho chanzo chake ni Mfaransa Édouard Bénédictus: mwaka 1903 chupa yake ya maabara ilianguka ikapasuka bila kutawanyika, kumbe ndani ilikuwa imeganda ukoko wa dawa. Mtu anaangusha chupa, anapata hataza. Mimi nimeangusha vyombo maisha yangu yote na hakuna ofisi iliyoniita.

Lakini kama bado roho yako haijatulia, basi fanya hivi: pika sahani ya wali wa nazi na samaki changu, ipeleke kwa wifi, mkae chini ya dirisha hilo mle mkimya. Akitazama kioo kabla ya samaki, ni yeye. Akitazama samaki, msamehe. Sahani ya pili iletwe kwangu kwa uhakiki.

"Shangazi, mimi mpangaji. Kioo cha alumini, mwenye nyumba anasema nilipe, mimi nasema alipe yeye." Wa Chumbageni.

Soma mkataba wenu. Hauna? Mwakani muuandike. Kwa sasa, dirisha la alumini la kusukuma linanyanyuliwa juu na kutolewa kwenye reli zake, bisibisi inafungua fremu, raba inavutwa, kioo kinaingia, raba inarudi. Nunua raba mpya, ya zamani imekakamaa. Gaweni gharama nusu kwa nusu, risiti ibaki kwako. Baada ya hapo mwite mwenye nyumba aje akague akiwa amevaa suruali nyeupe, na

mhariri ananiambia tangazo la magodoro linaingia hapa. Wa Muheza, silikoni ipakwe pakiwa pakavu. Wa Korogwe, hapana, usimrudie. Mama Straika, fundi akija hata hivyo, nusu ya hela mpe leo, nusu mvua ya kwanza ikishapita bila kuvuja.