Mvinyo Unaonuka Koroboi

Ukialikwa na Mjerumani wa bonde la Mosel, usitarajie kupandishwa ngazi kwenda sebuleni. Utashushwa. Mali iko chini ya nyumba, na mwenye nyumba wangu wa Trier, mwalimu mstaafu, ameilaza huko chupa kwa chupa tangu ujana wake, kwenye giza na ubaridi wa nyuzi 12. Mkewe, ambaye chumba chao hupigwa na jua mchana kutwa, husema waziwazi kwamba chupa ndizo zilizoolewa vizuri.

Jumamosi moja alipotualika wageni wachache, mzee alitoa mvinyo wa Riesling wa 1990. Akasema ulikuwa mwaka mkubwa. Nikaafiki kwa heshima, maana ndio mwaka Ujerumani mbili ziliungana.

"Nazungumzia zabibu," akasema.

Kizibo cha umri huo hakivutwi, kinabembelezwa. Mzee alikuja na kizibuo chenye meno mawili membamba ya kupenyezwa pembeni, akakiingiza taratibu, akashusha pumzi. Nusu ya kizibo ikatoka, nusu ikatumbukia ndani. Mama mwenye nyumba akaleta chujio la chai kabla hajaitwa. Ndoa yao imepitia mengi.

Mvinyo ukamiminwa, nikaona vipande vinang'aa kwenye chujio. Nikanong'ona, "Mzee, chupa imevunjika kwa ndani." Akacheka. Kumbe ni chumvi ya asidi ya zabibu, ambayo huganda mvinyo ukikaa kwenye baridi, wala haimdhuru mtu. Niliamua kutosema tena.

Uamuzi huo haukufika mbali. Glasi ilikuwa na rangi ya dhahabu. Nikaingiza pua, nikakutana na mafuta ya taa! Nimejisomea mtihani wa darasa la saba kwa koroboi. Harufu hiyo hainipotei. Jicho likanitoka kuelekea kwenye tangi la mafuta ya kupashia nyumba joto, lililoko hukohuko chini. Linavuja, nikawaza, na hakuna anayejua.

Wageni wenzangu walikuwa wameshaanza kusifu. Mmoja alipata asali. Mwingine alipata jiwe lililonyeshewa mvua, sijui aliwahi kulilamba wapi. Zamu yangu ilipofika, adabu ilinielekeza niseme asali. Mdomo ukasema, "Mafuta ya taa."

Mzee akainuka. Nikaanza kutafuta koti langu. Akanikumbatia.

Hicho ndicho alichokuwa akikisubiri. Miteremko ya Mosel ni mikali, na mawe yake ya sleti hutunza joto la jua. Zabibu ya Riesling ikipigwa na jua hujenga viambato ambavyo, miaka ikipita ndani ya chupa, hugeuka kemikali iitwayo TDN, na TDN hunukia mafuta ya taa. Kwa mvinyo mzee, hiyo ni sifa. Tangu hapo kila chupa ililetwa kwangu kwanza, na yule wa jiwe akawa ananiangalia kabla ya kutoa maoni.

Utamu nao ni hesabu nyingine. Mvinyo huu ni halbtrocken, yaani mkavu nusu, na kwa sheria za huko sukari yake haivuki gramu 18 kwa lita. Hivyo ni kama vijiko vinne vya chai kwenye lita nzima. Shangazi yangu wa Tanga huvitia vyote kwenye kikombe kimoja, anaonja, kisha anauliza nani kaficha sukari. Tena uzee huufunika utamu: sukari haiendi popote, ila ulimi hauisikii kama zamani. Kinachotangulia ni ukali wa limau, na utamu unachungulia nyuma yake.

Ni mvinyo mzuri, nasema bila kusukumwa. Kwa hiyo, msomaji, ukikaribishwa Riesling ya zamani, usisingizie asali, taja ulichonusa. Ila kama chupa ni ya mwaka jana na bado inanuka mafuta ya taa, mwambie mwenye nyumba akakague tangi.