Kamera Mpya, Visirani vya Zamani

Anayelipa fedha za kununulia bodaboda ili apate Fujifilm X100VI, kamera ya mwaka 2024 yenye sura ya miaka ya 1960, hutuambia anatafuta picha bora. Asitupige chenga. Picha bora anayo mfukoni, ndani ya simu, na inatoka safi hata mkono ukitetemeka. Anachokitamani ni visirani vya zama za mkanda, na nasema ana haki ya kuvitamani.

Tuviangalie. Mkanda wa kawaida ulitoa picha 36, na kila moja ililipiwa mara mbili: kununua, kisha kusafisha. Ncha ya mkanda ikichomoka ndani, namba juu ya kamera iliendelea kupanda kwa madaha hadi 36, huku mkanda wenyewe umelala ndani ya kopo lake, haujaiona hata shela ya bibi harusi. Kamera nyingi zilikuwa na kidirisha cha kuchungulia kilichojitenga na lenzi, kwa hiyo mpigaji aliiona sherehe yote, imependeza kweli, na kifuniko bado kimeziba lenzi. Halafu kulikuwa na shemeji mdadisi aliyefungua mlango wa nyuma aone picha zimefikia wapi. Zikaungua zote, ndoa ikabaki na wale mashahidi wawili tu.

Woga huo ndio uliozaa mapenzi. Kosa likiwa na bei, jicho hutangulia kidole. Ndiyo maana picha za studio za zamani, kama za Ranchhod Oza aliyefungua Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930, bado zinatazamika: mpigaji na mpigwaji wote walikuwa kazini. Hata kamera ya dijitali aliyoiunda Steven Sasson wa Kodak mwaka 1975 ilitumia sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Kwa chombo hicho nani angepiga picha ya chapati kabla ya kula?

Nitaambiwa visirani vinachekesha kwa asiyevilipia. Kweli, aliyebakiwa na picha moja ya marehemu mama yake, nayo imekatwa kichwa, hana cha kucheka. Lakini kamera hizi mpya huleta visirani vya bei nafuu. Lenzi haivuti, basi ukitaka watu wote waenee unarudi nyuma kwa miguu, na nyuma kuna mtaro. Kigurudumu cha mwanga kikijizungusha ndani ya begi, keki na mwenye keki wanatoka weupe kama chokaa. Unakasirika, unarekebisha, unapiga tena, na safari hii unaangalia.

Mwingine atasema nidhamu hiyo inawezekana hata kwa simu: jiwekee picha moja tu kwa siku. Inawezekana, kama kufunga ukiwa umekaa jikoni sufuria ya pilau ikifunuliwa. Tena simu hiyohiyo ndiyo anayopigia mwenye nyumba kuulizia kodi, jua likiwa linazama.

Hoja ngumu zaidi ni ya vijana. Mkanda hawakuuishi, sasa wanakumbuka nini? Hawakumbuki chochote, na hilo linaniunga mkono: kinachotafutwa si ujana uliopita bali kifaa kinachoweza kukukatalia. Wanazisaka kamera ndogo za dijitali za miaka ya 2000, zile ambazo flashi yake humpa kila mgeni macho mekundu ya mchawi, na wanayafurahia. Wazazi wao walinunua kamera nyingine ili kuyakimbia macho hayo.