Printa Isiyo na Kumbukumbu

Hapa Kasongo, virusi vya kompyuta hupanda pikipiki. Flashi ikitoka Kabambare, ikapita kwa walimu, wachungaji na makarani wa sekta, hufika kwenye kibanda changu cha kupiga chapa na fotokopi ikiwa na kila maradhi. Ndipo nikaweka Linux, ambayo virusi vile vya Windows haviiwezi. Virusi vikakoma kweli. Modemu na printa nazo zikakoma.

Modemu ile ina ujanja. Ukiichomeka, kwanza hujifanya sidii yenye programu za Windows. Zikishawekwa, ndipo hugeuka modemu. Linux yangu, mnyofu wa watu, iliona sidii, ikafungua sidii, ikatulia. Ipo programu ya kuizindua modemu, usb_modeswitch, ila katika toleo langu haikuwamo. Inapatikana wapi? Kwenye intaneti. Na intaneti iko wapi? Ndani ya modemu.

Mpwa wangu akachomeka simu yake kwa waya, akairuhusu igawe intaneti, na Linux ikaipokea bila swali. Swali lilitoka kwa mpwa: megabaiti zake nazilipa lini?

Printa ilikuwa na kisa chake. Wajuzi wa kubana gharama waliiunda bila mahali pa kuhifadhi programu yake yenyewe. Kila ikiwashwa, sharti kompyuta iipelekee programu hiyo upya. Kwenye Windows, draiva huifanya kazi hiyo kimyakimya. Kwenye Linux kuna foo2zjs, draiva aliyoiandika Rick Richardson, na faili la kuiamsha printa lilikuwa likiletwa kando kwa amri ya getweb. Nikalileta, nikalituma. Printa ikakohoa, taa ikawa kijani.

Mwalimu mmoja wa Kabambare alikuwa benchini tangu asubuhi akingoja karatasi zake za mtihani. Ukurasa wa kwanza ukatoka, tukapeana mikono. Wa pili ukatoka nusu: jenereta imeishiwa esansi. Tulipoijaza na kuiwasha tena, printa ilimeza karatasi, ikanyamaza.

“Kaka, imekuwaje tena?”

“Umeme ukikatika, Mwalimu, inasahau yote iliyoambiwa.”

“Yote?”

“Yote. Mpaka uiambie upya.”

Akaitazama kwa huruma. “Basi huyu ni mbunge. Na kwake tunangoja miaka mitano.”

Kwa neno hilo nilimtolea kopi za bure, mbiombio, esansi ikiwa bado ipo.