Sifa za Kengele ya Moshi

Washairi wetu wamesifu mwezi, bahari, farasi, hata mnazi. Kengele ya moshi sijasikia aliyeisifu, na sababu naijua: ukiwa chini yake na kikaango kiko motoni hupati utulivu wa kutunga. Basi nitaisifu mimi, jiko nimezima na dirisha nimefungua. Haki hiyo ninayo kuliko wengi. Mimi ni mtu wa Moshi, kwetu ni kule juu migombani, na kifaa hiki kazi yake pekee hapa duniani ni kutambua moshi. Huu ni mwaka wangu wa nne Leipzig. Wapo wanaonijua kwa namba ya bima, wapo wanaonijua kwa zamu ninazofanya katika nyumba ya wazee, na yupo bibi mmoja kanisani ambaye kila tukipeana mikono huniuliza kama Nigeria kuna joto. Kengele ya moshi ndiyo iliyonitambua siku ileile tuliyokutana, bila pasipoti, ikaitangazia ghorofa nzima kwamba nipo.

Kwa asiyewahi kuishi nayo: ni kisahani cheupe cha plastiki, kipana kama andazi la kushibisha, kimebandikwa katikati ya dari. Katika jimbo hili la Sachsen, nyumba mpya zilianza kudaiwa kengele hizi mwaka 2016, na wenye nyumba za zamani wakapewa muda hadi tarehe 31 Desemba 2023. Mwenye nyumba wangu huiheshimu sheria kwa kuisubiri ifike mlangoni. Fundi alikuja siku chache kabla ya Krismasi ya mwaka huo, akatoboa dari, akanitakia sikukuu njema, akaniachia vumbi.

Sheria yenyewe ina busara. Inataka kengele iwe chumba cha kulala, chumba cha watoto, na kwenye ujia ambao watu watautumia kukimbia. Jiko haikuligusa, kwa kuwa waliotunga waliwahi kupika. Ila hawakumfikiria mhudumu wa wazee anayeishi chumba kimoja, kitanda upande huu na jiko upande ule, vinatazamana kama mawifi. Kwa hiyo kengele iliyoletwa kulinda usingizi wangu inalinda kikaango changu, na haijawahi kulalamika kwamba hiyo si kazi iliyoajiriwa kufanya.

Nianze na uaminifu wake. Kwetu mlinzi wa usiku ni mtu anayelipwa alale karibu na geti. Kengele yangu hailali, haiombi hela ya chai, haina shemeji anayefariki kila mwisho wa mwezi. Ndani yake mna kijichumba cheusi tii. Upande mmoja kuna kitaa kinachorusha mwanga, upande mwingine kuna jicho, na vimepangwa makusudi visitazamane. Mwanga unapita zake, jicho linakaa gizani siku nenda rudi, halioni kitu. Moshi ukiingia, vichembe vyake vinautawanya ule mwanga, kidogo kinalifikia jicho, na hapo ndipo ukelele unapoanza. Yaani jicho lile linaweza kukaa miaka jirani kabisa na mwanga lisiuone, mpaka uje moshi. Jambo hilo nilimpelekea mchungaji nikidhani litamfaa kwenye mahubiri. Akaniuliza kama nimetoa taarifa kwa mwenye nyumba.

Pili, sauti. Vipimo vya Ulaya vinataka ukisimama mita 3 kutoka kwenye kengele usikie si chini ya desibeli 85. Mji huu unajua mambo ya sauti. Johann Sebastian Bach alikuwa mkuu wa muziki Thomaskirche kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750, na leo kaburi lake limo humohumo kanisani. Ijumaa jioni, nikiwa sina zamu, huenda kusikiliza kwaya ya wavulana, sauti nne zikifukuzana na kupishana hadi mtu unasahau kwamba kesho una wazee kumi na wawili wa kuwaosha. Kengele yangu ina noti moja. Lakini niseme ukweli wa Mungu: Thomaskirche nimewaona watu wakisinzia. Chini ya kengele yangu hajasinzia mtu.

Tatu, ni mpishi. Hili nilichelewa kuligundua. Pilau, kama ujuavyo, inasimama kwa vitunguu. Vikitolewa mapema wali unakuwa mweupe kama wa mgonjwa, vikichelewa unakuwa mchungu. Mama alinifundisha kuangalia rangi, shangazi akanifundisha kunusa, na wote wawili nilikuwa nawaangusha. Kengele haina maneno mengi. Vitunguu vikifikia ile rangi ya kahawia yenyewe, inalia, na mimi natia nyama. Chapati ya kwanza huisamehe, ya pili huionya. Dagaa haitaki hata kuzungumzia.

Nilipomweleza mama kwenye simu kwamba huku moshi unapigiwa king'ora, alicheka hadi nikasikia kigoda kinasogea. Jikoni kwake mafiga hayapoi. Juu ya mafiga kuna dari la miti ambako mahindi yanakaa miezi yakifukizwa ili wadudu wasiyaguse, na ukuta ni mweusi unaong'aa kama umepakwa rangi ya viatu. Nimekua nikijua kwamba mahali penye moshi kuna mtu na kuna chakula. Asubuhi ukitazama bondeni unahesabu mioshi unajua nani ameamka na nani anaumwa. Kengele hii ikifungwa jikoni kwa mama Jumatatu, Jumatano itakuwa imekauka koo.

Ina dini pia. Rafiki yangu mmoja wa Bukoba, Mkatoliki wa kuzaliwa, alikuja Pasaka na ubani na kipande cha mkaa, akasema tukifukize chumba angalau kinukie sikukuu. Hata hakumaliza kujifanyia ishara ya msalaba. Tangu siku hiyo anaamini kengele yangu ni ya Kilutheri, na mimi sikumpinga. Lakini kuna jambo linanipa shaka. Kipindi cha Majilio Wajerumani huwasha mishumaa kwenye shada la majani, mmoja kila Jumapili. Mwanateolojia wa Kilutheri wa Hamburg aliyeitwa Wichern ndiye aliyeanzisha desturi hiyo mwaka 1839, kwa ajili ya watoto aliowalea. Mishumaa minne ikiwaka, kengele yangu kimya. Ipulize uzime, inapiga mayowe. Nabii Isaya ana maneno ya upole sana kuhusu utambi unaofuka moshi. Kengele yangu bado haijafika sura hiyo.

Sasa nifike kwenye sifa yake kubwa, ambayo si ya moshi hata kidogo.

Mwenye nyumba, kwa kubana matumizi, alichagua zile zenye betri ya kubadilisha. Betri ikikaribia kuisha, kengele haipigi mayowe. Inalia *twi*, mara moja, kisha inanyamaza karibu dakika nzima hadi uamini kwamba umesikia vibaya. Halafu *twi*. Tena haianzi mchana. Betri ikipata baridi nguvu zake hushuka, na chumba hupoa zaidi alfajiri, kwa hiyo Februari iliyopita ilianza saa tisa usiku. Niliamka nikaangalia simu. Nikalala. *Twi*. Nikaamka nikafungua friji. Nikalala. *Twi*. Mara ya tatu nimeshika kitasa cha mlango ndipo nikamkumbuka yule mtoto Samweli aliyeamka mara tatu kumwendea Eli, na mimi sina Eli, nina dari.

Niliketi kitandani. Kwa kuwa usingizi ulishakwenda na zamu yangu inaanza saa kumi na mbili asubuhi, nikaomba. Ninasema haya kwa aibu ya kiasi: tangu nije huku sala zangu zilikuwa za kwenye tramu, vituo vitatu, amina mlangoni. Usiku ule niliwataja watu kwa majina, nyumba hata nyumba kuanzia kwa mama hadi barabarani, na kila nilipoanza kusinzia katikati ya ukoo, *twi*. Mwinjilisti wa mtaa wetu alikuwa na fimbo ya kugusa waliosinzia kwenye mkesha wa mwaka mpya. Hakuwa na bidii hii.

Kabla sijatoka kwenda zamu nilimpigia mama. Huko kulishakuwa na jua. Akasikiliza, akaniambia, "Mwanangu, huko unafuga?"

"Hapana mama, sifugi."

"Mbona nasikia kifaranga?"

"Ni kile kifaa cha darini."

"Kina njaa hicho. Kilishe."

Kukilisha ndiko kulikuwa na kazi. Nyumba hizi za zamani za Leipzig dari zake ziko mbali mno. Nilisimama juu ya kiti, nikaweka na begi juu ya kiti, nikabaki nimenyoosha mkono kama mtu wa kwaya. Nikaenda kazini, nikarudi, bado inalia. Usiku wa pili, saa tisa na nusu, mlango ukagongwa. Alikuwa yule bwana mzee wa chini, ambaye kwa mwaka na zaidi tulikuwa tumepeana neno moja tu ngazini, "Morgen", salamu yao ya asubuhi, hata ikiwa jioni. Amevaa koti juu ya pajama. Begani ana ngazi. Mkononi ana betri ya mraba, mpya, ndani ya karatasi yake. Mzee wa Kijerumani droo yake haikosi kitu.

"Nasikia hadi kitandani kwangu," alisema.

Niliomba radhi mara nyingi kuliko Kijerumani changu kinavyoruhusu. Nilitaka kupanda mimi, akakataa, akapanda yeye huku mimi nimeshika ngazi na kumwombea magoti yake. Akaifungua, akaibadilisha, akabonyeza. Ikalia kwa furaha, ghorofa nzima ikajua. Kisha kimya, kimya kikubwa mno, tukabaki tunatazamana. Nikamwambia asikilizie dakika tano ajue imepona, na dakika tano hizo nikaweka chai ya tangawizi. Aliuliza natoka wapi. Nikamwambia Moshi, na kwamba kwa Kiswahili ndilo jina la kile kinachotafutwa na kengele hii. Alifikiri kidogo, akatazama juu, akanitazama mimi, akacheka hadi chai ikamwagika. Nikamwambia na la pili: wamisionari wa kwanza wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na tangu utoto wangu kengele za kanisa ndizo zinazotuamsha. Walitupa kengele kule. Nimekuja kwao, wamenipa nyingine.

Yeye, kama wengi upande huu wa Ujerumani, si mtu wa kanisa. Mara ya mwisho kuingia kanisani, alisema, ni msimu wa vuli wa 1989, Nikolaikirche, sala za amani za Jumatatu, wakati watu walipoanza kujaa kabla ya kuingia barabarani kuandamana. "Wala sikwenda kwa ajili ya Mungu. Nilikwenda kwa sababu mule ndani watu walikuwa wanasema." Akamalizia chai, akaaga, akashuka. Ngazi akaiacha.

Mtu asiyeijua Jumapili ya hapa hawezi kuelewa kwa nini nimeyaandika haya. Maduka yamefungwa. Kutoboa ukuta ni marufuku, na hata chupa tupu huruhusiwi kuzitupa kwenye pipa lake kwa kuwa zitalia. Ibada huchukua saa moja kamili. Ukisema "Amina" kwa sauti, mabenchi matatu yanageuka. Hakuna mnada wa ndizi na kuku baada ya baraka, kwa kuwa sadaka hukatwa kwenye mshahara kabla haujanifikia, asilimia 9 ya kodi ya mapato, na sijawahi kuona makato yakipigiwa vigelegele. Narudi chumbani saa tano, najibu salamu za watu wangu kwenye simu, nakata vitunguu. Mafuta yakishika moto nafungua dirisha nusu tu. Nikiri: dirisha likifunguliwa lote, kengele haitalia.

Fundi wa ukaguzi huja mara moja kwa mwaka na fimbo ndefu ya kubonyezea. Mwaka huu alikuta kila kitu sawa, akanionyesha mwaka ulioandikwa ubavuni: 2033, ndipo kifaa kitakapobadilishwa. Kibali changu cha kukaa kinaisha 2027. Nimekaa nikaitazama kengele kwa heshima mpya.

Ngazi nilijaribu kuirudisha. Bwana wa chini alisema iache hukohuko, yeye magoti hayamwendi tena, na aliuliza ile harufu ya Jumapili ni ya nini, nikamshushia sahani. Jioni nikamwambia mama nimepewa ngazi. Akashangaa, ngazi ya nini ghorofani, unataka kuezeka?

Nikamwambia ni ya kulishia kifaranga.