Bado Kidogo Tu
Programu ya kikoba cha shangazi yangu ilikamilika kabla ya Pasaka. Ilipokea hisa, ikakata faini za wachelewaji, ikatenga mfuko wa jamii, ikapiga hesabu ya riba, na mwisho ikatoa ukurasa mmoja ambao mweka hazina, yaani shangazi mwenyewe, aliuchapisha steshenari na kuwasomea wenzake kwa sauti. Hicho ndicho alichoomba. Kaunta buku lake lilikuwa limemwagikiwa chai, na Februari nzima haisomeki.

Yaliyofuata hayakuombwa na mtu. Anayeandika programu nyumbani, usiku, baada ya kazi, hana bosi, hana mteja anayelipa, wala hana tarehe ya kukabidhi. Ofisini kazi huisha hela zikiisha. Sebuleni haiishi, maana hakuna wa kukwambia basi. Nikaweka mandhari meusi ya kutumia gizani, ingawa kikoba hukutana saa nane mchana chini ya mwembe. Nikaweka chati ya duara. Katibu akaitazama kwa makini, kisha akauliza nani kala kile kipande kikubwa. Nikaweka na Kifaransa. Wanachama wote ni wa Mbagala.

Halafu nikaweka kikumbusho cha marejesho ya mkopo, kijitume chenyewe kwa simu saa tatu asubuhi. Kompyuta huanza kuhesabu saa zake usiku wa manane, na tatu yake ni tisa yetu ya usiku. Sasa, Uswahilini simu ikiita saa tisa usiku haina maana mbili. Mama mmoja alisikia mlio tu, hata kabla hajasoma akapiga yowe. Majirani wakatoka, khanga viunoni, mmoja keshabeba jamvi. Ujumbe ulipofunguliwa ukakutwa unamkumbusha, kwa heshima zote, rejesho la shilingi 20,000. Ikabidi watu wachemshiwe chai, kwa kuwa huwezi kuwarudisha hivihivi watu waliokuja kukulilia.

Shangazi alinipigia alfajiri. Shikamoo yangu aliipokea nusu.

“Marahaba. Hivi baba, kile kidude changu si kilishaisha?”

“Bado kidogo tu, shangazi.”

“Bado nini?”

Hapo nikakosa la kusema, nikamletea Donald Knuth. Huyu ni profesa mstaafu wa Stanford, Marekani. Mwaka 1977 aliletewa kurasa za majaribio za kitabu chake, akachukizwa na jinsi herufi zilivyopangwa, akaamua kujiandikia programu ya kupanga maandishi, TeX. Alidhani ni kazi fupi. Ilimla takriban miaka kumi. Mwishowe akatangaza kwamba haongezi kitu tena, atasahihisha makosa tu, na kila toleo jipya litarefusha namba ya pai kwa tarakimu moja: 3.14, 3.141, 3.1415. Siku akifariki, toleo litaitwa pai yenyewe, na hitilafu zozote zitakazobaki zitahesabiwa kuwa ndivyo ilivyokusudiwa. Mimi namwona mjanja kuliko wote: kaifunga kazi bila kudai kuwa haina kasoro. Tena aliyemwonyesha kosa jipya katika vitabu vyake alikuwa akimtumia hundi ya dola 2.56.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho.

“Huyo mzee naye ana kikoba?”

“Hana.”

“Basi hatuhusu. Ila hiyo hela ya makosa ni wazo zuri. Ungekuwa unatulipa wewe, tungevunja kikoba mwezi huu.”

Jumamosi iliyofuata nikaitwa mkutanoni. Nilikwenda na orodha ya maboresho, ukurasa mbele na nyuma, lakini mwenyekiti hakunipa nafasi ya kuisoma. Wakapiga kura ya kunyoosha mikono kwamba programu imeisha. Mama wa jamvi alinyoosha yote miwili. Ikaandikwa kwenye muhtasari, ikagongwa muhuri: nikigusa chochote bila idhini ya mkutano mkuu, faini yangu ni shilingi 5,000, sawa na ya asiyefika bila taarifa. Na faini hiyo, nilikumbushwa, programu inajua kuikata yenyewe.

Kama kuna kikoba popote kinachokutana usiku na wanachama wake wanajua Kifaransa, shangazi anayo namba yangu. Msipige saa tisa.