Jinsi ya Kupenya Mchujo wa Ajira Ukitokea Mgori

Kwanza kabisa, kijana wa Mgori, huku Singida, futa kichwani picha ya msaili aliyekaa kitako akiisoma barua yako ya maombi kama barua ya mchumba. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita wasailiwa zaidi ya 10,000 kugombea nafasi 70, wakajaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Watu wakiwa wengi hivyo, kazi ya kwanza ya msaili ni kuwapunguza, na hushika sababu iliyo karibu. Kazi yako ni kumnyima sababu.

Anza na jina. Vitandaze vyeti vyote mkekani: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha chuo, na kitambulisho cha NIDA. Kimoja kinasema Ramadhani, kingine Ramadhan, cha tatu kina jina la babu mahali pa baba, kwa kuwa mwalimu aliyekuandikisha darasa la kwanza alikuwa na haraka. Mlangoni kwenye usaili hao ni watu watatu, na aliyeitwa ni mmoja. Shughulikia hati ya kubadili jina sasa, kabla tangazo halijatoka. Kwenye Ajira Portal, tovuti ya maombi ya ajira serikalini, pakia cheti chenyewe, maana karatasi ya matokeo haipokelewi, na barua uisaini.

Ukiitwa, soma tangazo la usaili mpaka pale linaposema kila msailiwa ajigharamie chakula, usafiri na malazi. Hapo ndipo watoto wa wakulima wanapochujwa kabla ya swali la kwanza. Usaili ukipangwa Dodoma, gunia la alizeti linauzwa kwa bei ya shida ili nauli ipatikane, na pengine safari yote ni ya mtihani mmoja wa kuandika. Nasema waziwazi: utaratibu huo unapima mfuko. Usaili ufanyike mkoani kwa mwombaji kila inapowezekana. Kwa sasa, tafuta mapema ndugu wa kukulaza.

Halafu mahojiano. Wataanza na "Jieleze." Usiwasomee orodha ya shule, wanayo mezani. Usiseme wewe ni mchapakazi. Wamelisikia hilo tangu asubuhi na kalamu haikugusa karatasi. Vijiji vya huku vilianza kuusimamia Msitu wa Mgori miaka ya 1990. Kama umewahi kuwa katibu wa kamati ya msitu, ukaandika muhtasari wa kikao kilichochafuka kwa sababu ya mkaa, ukamwandikia faini mjomba wako mwenyewe, liseme hilo kwa mpangilio: tatizo lilikuwa hili, nikafanya hivi, likaisha hivi. Kama nafasi unayoomba ni ya mtendaji wa kijiji, jibu gani litalishinda hilo? Vijana wetu wengi hawaliweki kwenye wasifu kwa sababu halikuwa na mshahara, na inaniuma, kwa kuwa msaili ana karatasi ya alama mbele yake na asichokisikia hawezi kukipa alama, hata kama amekupenda.

Ukifaulu ukakosa nafasi, jina huingia kwenye kanzidata ya Sekretarieti ya Ajira na unaweza kupangiwa kituo baadaye. Kwa hiyo laini uliyoiandika kwenye maombi usimpe mdogo wako. Na akikupigia mtu anayetaka hela ya kusogeza faili, kata simu, namba yake ipeleke TAKUKURU.